Ukihama Kampuni ya Intaneti, Barua Zako Zitakufuata?



Safari hii tunaacha kidogo habari za mabwawa ya mchanga na bei ya ndengu. Tunataka kuzungumza juu ya anwani ya barua pepe ya kikundi. Wengi mtasema hayo ni mambo ya watu wa ofisini. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka yalipotukuta.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama wasuka vyondo, upande wa Makueni, ambacho tumetembea nacho kwa miaka mingi. Siku moja mwenyekiti wao alifika ofisini kwetu, akaketi, akauliza, "Hivi wale wanunuzi wetu wa ng'ambo tuliwakosea nini? Mbona wamenyamaza?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia avumilie, pengine biashara huko kwao ni mbaya.

Kumbe hawakunyamaza. Walikuwa wameandika mara mbili. Sisi tulikuwa tumehama kampuni ya intaneti, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ghali na ilikatika kila wingu lilipotanda. Tukafunga hesabu nao, tukasaini na wengine, tukapewa anwani mpya, tukafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kila kyondo kilichotoka pale kilifungwa kikadi kidogo chenye anwani ya zamani. Mnunuzi alitaka vyondo zaidi, akasoma kikadi, akaandika, barua ikamrudia. Akaandika tena, ikamrudia. Mwisho alituma barua ya karatasi kwa Posta, nayo ilipofika alikuwa amekwisha kununua kwingine. Wakati huo akina mama walikuwa wamenunua katani na rangi kwa pesa za kikundi.

Tuliwaomba msamaha, wakatusamehe. Lakini katani ilikaa ghalani mwaka mzima.

ANWANI NI YA NANI?

Kosa letu lilianzia hapa: tulidhani anwani ilikuwa yetu. Tuangalie inavyofanya kazi.

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, na katikati kuna ile a iliyozungushiwa mkia, yaani @. Tuseme ni jina-la-kikundi@jina-la-kampuni.co.ke. Sehemu ya kwanza ni jina lako. Sehemu ya pili ni jina la nyumba unamokaa, na mwenye nyumba si wewe.

Mtu akikuandikia kutoka Ujerumani, kompyuta inayosafirisha barua haihangaiki kwanza na jina lako. Inatazama kilichoandikwa baada ya @. Inauliza katika daftari kubwa la majina ya intaneti: barua za nyumba hii hupokelewa na kompyuta ipi? Ikijibiwa, inapeleka barua huko. Ni huko ndiko jina lako linakotafutwa. Ni kama ukimtumia mama yako mzigo kwa basi la kwenda Kibwezi. Kondakta hajui mama ni nani wala hataki kujua. Anachojua ni kwamba mzigo unashuka Kibwezi. Wa kumtafuta mama ni yule kijana wa pale steji.

Sasa ukiacha kulipa ile kampuni, wanafuta jina lako katika nyumba yao. Barua inafika Kibwezi salama, kijana anasema huyo mtu simjui, mzigo unarudi. Na wakati mwingine haurudi. Kompyuta inaupokea na kunyamaza, aliyetuma akabaki akifikiri umempuuza. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hata lawama huisikii.

Wengi wenu mna sanduku la Posta, kwa hivyo si jambo geni. Kikundi chenye sanduku 90300 Makueni kikihamia Kitui hakiwezi kuling'oa sanduku na kulibeba mpaka 90200. Sanduku ni la Posta, ninyi mlikodi tu na kupewa ufunguo.

LAKINI NAMBA YA SIMU INAHAMA!

Swali hili tuliulizwa na kijana mmoja katika mafunzo, na ni swali zuri. Tarehe 1 Aprili 2011 Kenya ilianza utaratibu wa mtu kuhama kampuni ya simu na namba yake. Ukitoka kampuni moja kwenda nyingine, namba unaondoka nayo. (M-Pesa haikuingia katika safari hiyo. Aliyehama Safaricom ilimbidi kwanza aitoe pesa yake.) Basi mbona barua pepe isiwe hivyo?

Sababu ni kwamba namba za simu si mali ya kampuni. Zinatoka katika hazina moja ya nchi, na anayezigawa ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo wakati ule iliitwa Tume ya Mawasiliano. Kwa kuwa mgawaji ni mmoja, anaweza kuamuru: mwacheni mteja aende na namba yake. Ndiyo maana hata kampuni ikibadilisha jina namba haiguswi. Kencell ikawa Celtel mwaka 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010, na mzee aliyekuwa na 0733 siku za Kencell aliendelea kuitwa kwa namba ileile. Angekuwa na anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni ndani yake, mara tatu hizo zote angekuwa katika hatari ya kuwaandikia watu upya.

Utaratibu ule wa mwaka 2011 ulihusu namba za simu peke yake. Mwaka huohuo Ufaransa ilitunga sheria ya kuwalazimisha wauza intaneti wamwachie mteja aliyehama aendelee kufungua barua zake bure kwa miezi 6. Ona hata wao hawakusema anwani ihame. Walichompa mteja ni muda wa kuaga tu, kwa sababu huwezi kumwambia mwenye nyumba akupe ukuta wake uende nao.

NYUMBA NAZO HUANGUKA

Wazee wa ofisi watakumbuka siku za modemu, kompyuta inapiga simu Nairobi, inalia na kukoroma, na bili ya simu inapanda unapongoja barua moja tu ifunguke. Africa Online ilianzishwa mwaka 1994, na mashirika mengi yaliandika jina lake katika barua zao kwa fahari. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini, na baadaye jina likawa iWayAfrica. Kampuni nyingine za wakati ule ziliuzwa, nyingine ziliunganishwa, nyingine zilifungwa. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, bei zikaanza kushuka, watu wakahama makundi kwa makundi. Anwani nyingi zilikufa katika uhamaji huo bila mtu yeyote kuzizika.

Tena jina la nyumba lisipolipiwa, mtu mwingine anaweza kulinunua. Akilinunua, barua zilizokuwa zikija kwako zinaweza kumfikia yeye. Tafakarini hilo kama benki bado inaiandikia anwani ile.

Siku hizi ni vikundi vichache vyenye anwani ya kampuni ya intaneti. Lakini mtego ni uleule, umebadilisha nguo tu. Tunapotembelea vikundi tunakuta anwani za aina tatu. Kuna ile iliyotolewa na mradi wa shirika fulani: mradi ukiisha baada ya miaka mitatu, anwani nayo inaisha. Kuna ile ya kijana wa saiba aliyewafungulia akaunti siku ya kujaza fomu, na neno la siri analijua yeye peke yake. Na kuna ile ya mtoto wa katibu aliye Nairobi. Hawa wote ni watu wema, lakini kikundi kinaishi nyumbani kwa wengine na hakijui.

Usifikiri kinachopotea ni barua za salamu tu. Ukisahau neno la siri la iTax, njia ya kulipata jipya inapitia katika barua pepe uliyoandikisha. Vikundi vingi sasa vina PIN ya KRA. Vinaomba mikopo ya Hazina ya Uwezo, na vimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Aliyeshika anwani ameshika ufunguo wa milango hiyo yote.

JINSI YA KUHAMA BILA KUPOTEZA MTU

Kwanza kabisa, usifunge ya zamani. Hili ndilo tulilokosea sisi, na tunalisema mara mbili: usifunge ya zamani. Fungua mpya kwanza, ziende pamoja. Zikae pamoja muda gani? Wengine husema mwezi mmoja unatosha. Sisi hatukubali. Kuna mfadhili anayeandika mara moja tu kwa mwaka, anapotaka ripoti. Kuna mnunuzi wa asali anayeandika baada ya msimu. Kwa hivyo kama uwezo upo, lipia ile ya zamani mwaka mzima. Uliza kampuni: "Tunaacha intaneti yenu, lakini je, mnaweza kutuachia sanduku la barua peke yake, na ni pesa ngapi?" Baadhi hukubali kwa ada ndogo. Mkiuliza baada ya kufunga, mtakuta jina limekwisha kufutwa.

Anwani mpya msiichukue kwa muuzaji wa intaneti. Hata nyaya za faiba zikifika mpaka mlangoni kwenu pale Wote, nunueni intaneti kwake na barua pepe mwekeni pengine. Za bure kama Gmail au Outlook zinatosha kabisa kwa kikundi cha kijiji. Leo unaifungua kwa bando la laini moja, kesho kwa laini nyingine, kesho kutwa kwa saiba ya Mwingi, nayo ni ileile.

Kisha ingia katika ile ya zamani na utafute mahali pa kuelekeza barua, ili kila inayoingia isukumwe yenyewe kwenda kwenye mpya. Weka pia jibu la kujituma lenyewe, linalomwambia kila anayeandika kuwa mmehama. Ukishindwa, mwombe kijana wa kanisa anayejua; ni kazi ya nusu saa. Halafu ujitumie barua ya kujaribu kutoka simu nyingine. Usiamini mpaka uione imefika, na tazama pia katika sehemu ya barua taka, maana hujificha huko.

Kuelekeza barua kutafanya kazi mradi ile akaunti ya zamani ingali hai. Siku ikifungwa, kunakatika. Kwa hivyo katika mwaka huo mnapaswa kuwa mnaandika orodha: kila anayeendelea kutumia anwani ya zamani anakumbushwa. Sisi tulitumia daftari la kawaida la mistari na kalamu nyekundu. Mliyemwarifu akajibu, mnampigia alama.

Barua za zamani je? Inategemea zilipo. Zamani programu za kompyuta zilizivuta barua na kuzifuta kule kwa kampuni, kwa hivyo barua zote ziko ndani ya ile kompyuta kuukuu iliyo pembeni imefunikwa kitambaa. Ikifa, zimekufa nayo. Lakini kama mmekuwa mkizisoma kwa njia ya tovuti au simu, barua ziko kwa kampuni, na akaunti ikifungwa zinakwenda. Kwa vyovyote, zitoeni mapema: mikataba, barua za wafadhili, risiti. Tumieni programu ya bure kama Thunderbird kuzishusha na kuziweka kwenye kompyuta, na nakala nyingine kwenye flashi. Zile muhimu kabisa zichapeni karatasini mziweke kwenye faili. Mchwa wa Ukambani tunawajua, lakini hata hivyo karatasi haiulizi neno la siri.

KUFULI TATU

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Wenye vikundi vya kuweka akiba mnalijua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Pesa ni za wote, na funguo ziko kwa watu watatu, ili mmoja asifungue peke yake na mmoja akisafiri bado kikundi kijue nani ana nini. Sasa kikundi hichohicho kinampa katibu anwani ya barua pepe peke yake, kwa namba yake ya simu na neno la siri lililo kichwani mwake. Katibu akiolewa Tana River, akipata kazi Mombasa, akigombana na mwenyekiti, au Mungu akimwita, kikundi kinabaki nje ya mlango.

Anwani ifunguliwe kwa jina la kikundi. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, bahasha ipigwe mhuri juu ya gundi na ikae ndani ya lile sanduku. Likibadilishwa, bahasha inabadilishwa mbele ya kikao na kuandikwa katika kumbukumbu. Akaunti itawaomba namba ya simu ya kuwaokoa mkisahau. Msiweke laini ambayo mtu aliinunua kwa ajili ya mtandao wa bei nafuu wiki ile. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha namba yake huuzwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu atakuwa ameshika ufunguo wenu bila hata kujua. Wekeni namba ya mweka hazina, na kila uchaguzi wa viongozi ukipita, namba hiyo iangaliwe.

Tena hizi za bure nazo zina masharti yake. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na tangu Desemba mwaka huo sharti hilo lina nguvu. Yahoo ni wakali zaidi, kwao ni miezi 12. Kikundi kinachofungua barua wakati wa kuomba msaada tu kiko hatarini. Dawa yake ni rahisi: kila kikao cha mwezi, baada ya maombi na kabla ya michango, mtu mmoja aingie katika akaunti na asome mbele ya wote kilichoingia. Hata kama hakuna kitu, aseme hakuna kitu.

JE, TUJENGE NYUMBA YETU?

Inawezekana. Taasisi ya KENIC, iliyoanzishwa mwaka 2002, ndiyo inayosimamia majina yanayoishia na .ke, na kwa mashirika yasiyo ya biashara kuna .or.ke. Ukisajili jina kupitia wakala wao na kulilipia kila mwaka, sehemu ile ya baada ya @ inakuwa yenu. Hapo ndipo mnaweza kuhama kampuni mnavyotaka na anwani isibadilike. Mnabadilisha tu maelezo katika daftari lile kubwa kwamba barua zetu sasa zipelekwe huku. Hili ndilo jibu kamili la swali letu la mwanzo.

Lakini hatuwashauri kila kikundi kikimbilie huko. Kikundi cha watu 25 chenye bwawa moja na mbuzi wa maziwa hakihitaji. Mwaka mmoja mkisahau kulipa, jina linaondoka na barua zote zinakatika, na hiyo ni hasara kuliko ile ya kwanza. Vikundi kumi vya kata moja, au ushirika wa maembe, wakiungana kusajili jina moja na kila kikundi kikapewa anwani yake chini ya jina hilo, hapo tunaona maana. Ni mwethya kama ule wa kuchimba matuta. Jina lisajiliwe kwa ushirika, si kwa fundi aliyewatengenezea.

KUWAARIFU WATU

Barua ya kuarifu iwe fupi. Sisi tunatumia namna hii:

"Ndugu, kuanzia tarehe fulani kikundi chetu kitapokea barua kwa anwani hii mpya. Ya zamani tutaendelea kuifungua mpaka tarehe fulani. Akaunti yetu ya benki HAIJABADILIKA. Mkitaka kuhakikisha, mpigieni mwenyekiti kwa namba mliyo nayo tangu zamani."

Ile sentensi ya benki msiiache. Walaghai wanapenda sana kuandika kwa jina la kikundi wakisema tumehama, na pesa sasa tumeni hapa. Mfadhili mwenye akili ataogopa akiona anwani mpya, na ana haki kuogopa. Itumeni kutoka kwenye anwani ya zamani, ikiwa ingali hai, kwa sababu hiyo anaijua. Kwa benki, KRA na ofisi ya maendeleo ya jamii msitegemee barua pepe. Nendeni wenyewe, mkiwa na muhtasari wa kikao na saini za viongozi watatu, mjaze fomu yao ya kubadilisha.

Halafu zungukeni nyumba yote mkitafuta ilikoandikwa. Hapa ndipo sisi tulipoteleza. Tazameni karatasi za barua, vitabu vya risiti, vikadi vya vyondo, lebo za chupa za asali. Mhuri wa raba: mara nyingi una anwani ndani yake, na kila mnapogonga mnaieneza ile ya zamani. Tazameni pia lile bango la bati lililosimama kando ya bwawa au tangi, lenye jina la mradi na mfadhili. Wageni husimama pale, hupiga picha, na mwaka mmoja baadaye huandika kwa anwani waliyoiona katika picha. Kopo dogo la rangi nyeusi linatosha. Mwenyekiti wa wale akina mama wa vyondo alipaka la kwao mwenyewe, akipanda juu ya ndoo, na herufi zimepinda kidogo kulia, lakini zinasomeka mpaka barabarani.